Kupeleka Posa: Mwongozo wa Mshenga Katika Kusema, Kunyamaza na Kusoma Majibu

Mara ya kwanza nilipotumwa kupeleka posa nilirudi na habari isiyo ya kweli, ingawa sikusema uongo hata neno moja. Baba wa binti alikuwa amenijibu, "Tumewasikia, na barua tumeipokea," nami nikawaambia walionituma kwamba tumekubaliwa. Wiki ya tatu bahasha ilirudishwa na kijana wa bodaboda, imefungwa vilevile kama nilivyoipeleka, na upande wetu ulikuwa umekwisha kutoa kianzio cha ukumbi. Nilipoikumbuka jioni ile kwa utulivu niliona kwamba jibu nilipewa mle mle sebuleni. Chai haikutoka mpaka tuliposimama kuaga, shangazi wa binti aliguna mara mbili nilipotaja kazi ya kijana wetu, na katika mazungumzo yote hakuna aliyeuliza kijana huyo anakaa wapi au wazazi wake ni watu wa wapi. Mimi nilikuwa nimesikiliza maneno peke yake.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetumwa kwa mara ya kwanza. Desturi ninayoifuata humu ni ya Dar es Salaam, Pwani na Tanga, ambako barua ya posa hutiwa ndani ya bahasha, na bahasha hiyo ikafungwa katika kitambaa cheupe pamoja na fedha kidogo ya kufungulia barua. Kwingineko vitu vinavyobebwa hutofautiana, na hata mtaa mmoja una nyumba zenye taratibu mbili, lakini kila mahali mshenga ni msemaji kwa nusu saa na msikilizaji kwa muda wote uliobaki.

Kabla ya hatua zenyewe kuna hesabu moja ya kuiweka kando. Watoa semina hupenda kusema kwamba maneno hubeba asilimia 7 tu ya ujumbe, sauti asilimia 38 na uso asilimia 55. Hesabu hiyo inatokana na majaribio ya mwanasaikolojia Albert Mehrabian wa Marekani, yaliyochapishwa mwaka 1967, ambayo yalihusu namna msikilizaji anavyokisia hisia za msemaji kutokana na neno, sauti na sura, na Mehrabian mwenyewe ameeleza kwamba haihusu mazungumzo ya kila aina. Mshenga atakayeiamini ataharibu kazi, kwa sababu jina la binti, jina la ukoo wa kijana na kiasi cha mahari havisemwi kwa kope. Linalokufaa katika utafiti huo ni dogo zaidi: pale neno la mtu na sura yake vinapopingana juu ya jambo analopenda au asilolipenda, msikilizaji huiamini sura.

Hatua ya kwanza: jua unakwenda kusema na nani

Kaa na kijana aliyekutuma, peke yenu, umwulize mambo ambayo baba yake hayajui. Je, binti amekwisha kumwambia mama yake kwamba wageni watakuja? Nani humo ndani neno lake halirudiwi: baba, kaka yake mkubwa, au shangazi? Je, kuna dada mkubwa ambaye bado hajaolewa? Nyumba ina msiba au mgonjwa? Ni Waislamu au Wakristo, na wanasalimiana vipi wakikutana? Majina ya wazee yaandike na uyatamke kwa sauti mpaka yakae mdomoni, maana mshenga anayekwama kwenye jina la mwenye nyumba amekwisha kusema kwamba alikotoka hawakujali kulijua.

Hatua ya pili: hodi na salamu

Simama pembeni ya mlango, wala si mbele yake, ili macho yako yasitangulie miguu kuingia ndani. Hodi ni tatu, na kati ya moja na nyingine acha nafasi ya mtu kujitanda kanga au kuvaa shati. Sikiliza "karibu" inatoka vipi. Ile inayotoka chumba cha nyuma bila mtu kuonekana, na ile inayofuatwa na mwenyeji aliyekuja mpaka kizingitini akakupokea kwa mikono miwili, ni karibu mbili tofauti, ingawa zote zina herufi zilezile.

Salamu usizifupishe. Anayeamkiwa shikamoo ni aliyekuzidi umri, na safari ya posa haikupandishi cheo: ukimkuta baba wa binti amekupita miaka mitatu, mpe shikamoo yake hata kama wewe ndiwe mwenye mvi nyingi, na akiwa mdogo wako usikae ukingoja marahaba yako itafutwe. Katika nyumba ya Kiislamu anza na "Assalaamu alaykum", na katika nyumba ya Walokole "Bwana Yesu asifiwe" huenda ikakufikia kabla hujavua viatu, nawe uiitikie bila kusita.

Baada ya hapo huja habari, na mahali hapa wageni wengi hupita mbio. Katika Kiswahili "nzuri" hutangulia hata kama nyumba ina shida. Utauliza, "Habari za hapa?" na utajibiwa, "Nzuri," kisha, ukitulia pumzi mbili, utasikia, "ila bibi yao hajalala vizuri siku mbili hizi." Habari yenyewe ni hiyo inayokuja baada ya "ila". Ukiingiza posa kabla haijatoka, utakuwa umemtaka mzee azungumzie harusi huku mama yake amelala kitandani chumba cha pili. Ulizia ugonjwa, toa pole, uliza kama amepelekwa hospitali. Nimewahi kuifunga bahasha mfukoni na kuondoka na pole tu, tukarudi baada ya siku kumi, na tulipokewa kama ndugu.

Hatua ya tatu: mwili ukae kabla ya maneno

Kaa unapoonyeshwa. Ukiambiwa "kaeni popote", epuka kiti kinachotazamana na televisheni chenye mto uliobonyea, kwa kuwa hicho kina mwenyewe. Usikunje mguu juu ya mguu ukamwelekezea mzee wayo. Simu izimwe, si kuwekwa mtetemo, kwa maana mtetemo juu ya meza ya kioo husikika kuliko mlio. Kila unachopokea na kutoa kiwe kwa mkono wa kulia, na bahasha itolewe kwa kulia huku mkono wa kushoto umeshika kiwiko au kigasha cha huo wa kulia, nawe ukiwa umeinama kidogo. Maji au chai ukiletewa, onja, japo funda moja.

Kuhusu macho, vijana waliosoma vitabu vya usaili wa kazi hufundishwa kumkazia macho wanayezungumza naye ili waonekane wakweli. Katika sebule ya wazee kufanya hivyo ni kushindana. Mtazame mzee unapoanza sentensi na unapoimaliza, na katikati yake macho yako yatue kwenye bahasha, mkeka au mikono yako. Yeye ana haki ya kukutazama muda wote.

Hatua ya nne: sema posa

Ngoja ufunguliwe njia. Mwenyeji atasema, "Haya, tuambieni, safari hii ni ya heri?" au "Karibuni, tunawasikiliza." Hapo jikohoze kidogo, taja umetoka kwa nani, kisha uingie kwa fumbo, kwa sababu fumbo humpa mwenyeji nafasi ya kukataa bila mtu kuaibika. Unaweza kusema: "Wazee wetu, sisi ni wapita njia. Tumepita hapa kwenu tukaona ua limechanua katika bustani, tukasema haifai kuchuma ua la watu bila kubisha hodi kwa mwenye bustani."

Chagua fumbo moja ukae nalo. Nilimsikia mshenga mmoja akianza na ua, akapita kwa ng'ombe aliyepotea ambaye nyayo zake zimeishia uani, akamalizia na kijana anayetafuta jiko. Bibi wa binti, ambaye mpaka wakati huo alikuwa kimya pembeni, akauliza, "Sasa nyinyi mnataka kunusa, kuchunga au kupika?" Chumba kizima kikacheka, na kwa bahati kicheko kile kilimsaidia mshenga, lakini si kila nyumba ina bibi kama yule.

Mwenyeji anayejua kazi yake atakujibu kwa fumbo lako mwenyewe: "Maua hapa ni mengi, na mengine bado hayajafunguka. Mmeliona lipi?" Swali hilo ndilo mwisho wa fumbo. Taja jina kamili la binti na nafasi yake kati ya watoto, taja jina la kijana, wazazi wake, anakoishi na kazi anayofanya, kwa sauti ya kawaida, bila kupamba. Kama kuna dada mkubwa hajaolewa, litambue wewe kabla hujaulizwa: "Tunajua dada yake yupo, na heshima yake tunaijua." Kisha toa bahasha na unyamaze. Washenga wapya hushindwa hapo. Huona kimya kimekaa, wakaanza kukijaza kwa sifa za kijana, na sifa zinazokuja baada ya bahasha kutolewa husikika kama za muuzaji anayeona mnunuzi anaondoka.

Ukiteleza ulimi, usijifanye hukuteleza. "Niwieni radhi wazee wangu, ulimi hauna mfupa," halafu rudia lile lililo sahihi. Kwa Wachaga jani la isale lililofungwa fundo, likipelekwa kwa aliyekosewa, ni ombi la msamaha ambalo ni vigumu sana kulikataa, na halihitaji hotuba. Sisi wa Pwani hatuna jani la namna hiyo, hivyo inatubidi tulitafute neno mapema kabla kosa halijapoa.

Hatua ya tano: sikiliza unavyosikilizwa

Unapokuwa unasema, wenyeji nao wanasema. Msikilizaji wa Kiswahili hanyamazi kama ukuta, huitikia. "Enhe" hukusukuma uendelee. "Eeh" fupi inayoshuka ni ya mtu anayekufuata. "Naam" ya mzee inakiri kwamba sentensi hiyo imefika. "Haya" ni ya kuangaliwa sana, kwa maana ikitamkwa upesi hufungua mlango, na ikivutwa, "hayaaa", huku mtu akiegemea kiti, mara nyingi hufunga mazungumzo. "Mmh" inayopanda mwishoni ina shaka ndani yake. Na kuguna, kule kutoa sauti kifuani mdomo ukiwa umefungwa, ni pingamizi ambalo mtu hataki kuandikiwa jina. Shangazi akiguna, kumbuka ulikuwa umefikia neno gani. Usimwulize anagunia nini, bali lirudie jambo hilo baadaye kidogo kwa maelezo zaidi: kwamba kazi ya kijana ni ya mkataba, ndiyo, lakini mkataba ni wa miaka mitatu na umekwisha kuhuishwa mara moja.

Maitikio yakikatika yote, simama. Wenyeji wawili wakianza kunong'onezana, simama vilevile, kunywa chai, ngoja.

Kimya nacho kina aina zake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliolinganisha mazungumzo katika lugha 10 za mabara mbalimbali, Kiswahili hakikuwamo, ulionyesha kwamba kwa kawaida swali hujibiwa baada ya takriban sehemu moja ya tano ya sekunde, na kwamba majibu ya kukubali huja upesi kuliko ya kukataa. Katika maongezi ya kawaida nimeona jambo hilo likithibitika hata kwetu: ukimwuliza mtu kama atakuja kesho akachelewa kujibu, usimpikie. Lakini kipimo hicho usikipeleke kwenye kikao cha posa, ambako mzee hukaa kimya kwa makusudi ili uzito wa jambo uonekane, na jibu la haraka lingeonekana kumfanya binti kuwa mzigo unaotafutiwa mbebaji. Kimya cha namna hiyo kina mwili uliotulia. Kimya kibaya kina mikono inayotafuta kazi: kikombe kinazungushwa, tasbihi inaharakishwa, mtu anakumbuka kwamba geti halijafungwa.

Jambo lililonichukua miaka kulijua ni kwamba anayekujibu si lazima awe ndiye anayekusikiliza. Katika nyumba moja baba alikuwa akinijibu kila swali kwa ufasaha, lakini kabla ya kila jibu macho yake yalikwenda mara moja kwenye kona aliyokaa dada yake, mwanamke mnene mwenye miwani ambaye alikuwa akimenya chungwa na hajasema lolote tangu "marahaba". Nilipoligundua hilo niliendelea kuzungumza na baba kwa jina na heshima yake, ila sentensi zangu nikazielekeza kwenye yale ambayo shangazi angetaka kuyajua: mama wa kijana ni mtu wa namna gani, binti ataishi na wakwe au mbali nao, ataendelea na biashara yake ya nguo au hapana. Chungwa lilipomalizika, shangazi alikata nusu akanipa. Sikuhitaji kuambiwa zaidi.

Kanga nayo husema, maana kila kanga ina jina lake, na jina hilo limewahi kujibu ugomvi mwingi bila mtu kufungua kinywa. Hata hivyo usiwe mwepesi wa kuisoma. Mara nyingi mtu amevaa ile iliyokuwa kavu. Mtu akiingia ndani na kanga moja akatoka na nyingine, hapo isome.

Hatua ya sita: binti anapoitwa

Katika nyumba nyingi binti huitwa mbele ya wageni akaulizwa, "Unawajua watu hawa?" na baadaye, "Barua yao tuipokee?" Atakuja na mtandio, macho chini, pengine akipiga goti kwa salamu, na jibu lake litakuwa la sauti ndogo au kichwa kinachoinama. Mafundisho ya Kiislamu huhesabu kimya cha mwanamwali kuwa ridhaa, na wazee wengi hutosheka na hapo. Kwa maoni yangu mshenga asitosheke. Mtu huinamisha macho kwa haya, na huinamisha macho kwa hofu, na mimi mgeni wa saa moja sina uwezo wa kuzitenganisha. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya hiari ya wote wawili, kwa hiyo omba kwa adabu kwamba binti aulizwe tena akiwa na mtu anayemwamini, awe somo yake, bibi yake au mama yake mdogo, wageni wakiwa wameondoka: "Wazee wangu, mtoto ana haya mbele yetu. Tukishaondoka, muulizeni kwa nafasi."

Hatua ya saba: aga ukijua umeambiwa nini

Kabla hujasimama, rudia kwa maneno machache uliyoyasikia, ili kosa lirekebishwe hapo hapo: "Kwa hiyo wazee wangu, barua mmeipokea, mtaketi na ndugu, na majibu yatatufikia kupitia kwa kaka mkubwa." Ukirekebishwa, shukuru. Maneno ya kukubali na ya kupokea hayafanani. "Tumesikia" ni masikio tu. "Barua tumeipokea" ni bahasha tu. "Tutakaa na wazee tuwajibu" ni utaratibu wa kawaida na hauna ubaya. "Mtoto bado anasoma" inategemea kinachofuata: ikiishia hapo, huenda ni hapana iliyovikwa nguo, na ikifuatwa na swali, kuna njia. "Inshallah" inayosemwa ukiwa umekwisha kuvaa viatu, pamoja na mtu anayewasindikiza mpaka barabarani, ni tofauti na ile inayosemwa kutoka kwenye kiti.

Mambo ya fedha, iwapo yatatajwa siku hiyohiyo, yaombe kwa maandishi. Mahari, mkaja wa mama, kilemba cha baba, kila kimoja na kiasi chake, kwa tarakimu na kwa maneno.

Hatua ya nane: toa taarifa kwa waliokutuma

Fanya hivyo usiku huohuo, ana kwa ana. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp haufai hapa, kwa sababu nao utasambazwa kwa shangazi wa upande wenu, na kila atakayeusikiliza ataipa pumzi yako maana yake. Tumia karatasi yenye safu mbili. Upande mmoja andika maneno kama yalivyosemwa, bila kubadili hata moja. Upande wa pili andika ulichokiona wakati maneno hayo yanatamkwa. Wasomee waliokutuma safu zote mbili, na tafsiri yako iseme mwisho, ukiitaja kuwa ni yako.

Karatasi yangu ya safari ya nne bado ninayo. Kushoto imeandikwa: "Baba: mtoto ana mwaka mmoja chuoni." Kulia: "Alimtazama mama. Mama akatazama chini, akatabasamu. Shangazi akauliza, kijana anaweza kusubiri?" Kijana aliposomewa alitaka kukata tamaa kwa yale ya kushoto, na baba yake akamwambia asome kulia. Walisubiri. Mwezi uliofuata mitihani ya binti, bahasha ilirudi ikiwa imefunguliwa, na ndani yake kulikuwa na orodha ya mahari iliyoandikwa kwa mkono wa shangazi.